Mtoto Aliyejitetea na Barua ya Kurudishwa Nyumbani

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma: Kutoka 22:2-3, Yohana 7:45-52, Yohana 18:19-23, Matendo 18:12-17

Somo hili limetokana na swali ambalo wazazi wameniuliza sana muhula huu, kuliko hata swali la karo. Mtoto wangu alipigwa shuleni, akarudisha mkono, na sasa yeye na aliyemchokoza wamesimamishwa masomo wiki mbili, barua moja, maneno yale yale. Je, mtoto alitenda dhambi? Na mimi mzazi niliyeokoka, ninyamaze au niende kuongea?

Hayo ni maswali mawili, na tukiyachanganya tunakosea yote.

Tuanze na la mtoto. Kila mtu hapa anaijua Mathayo 5:39, habari ya shavu. Shida ni kwamba wengine wetu tumeligeuza andiko hilo kuwa kiboko cha kuwachapia watoto ambao tayari wamechapwa. Angalia vizuri: Yesu anataja shavu la kuume. Mtu anayetumia mkono wa kulia, ili akupige kofi shavu la kuume, itabidi atumie mgongo wa kiganja. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba hilo lilikuwa kofi la dharau, la kumshushia mtu heshima. Bwana anatukataza kulipiza tusi. Sasa chukua kijana mgeni bwenini, wale wanaoitwa mono, amebanwa katikati ya vitanda usiku, wakubwa watatu wanampiga mateke wakitaka ufunguo wa boksi lake. Huyo hajatukanwa tu. Anaumizwa. Akimsukuma mmoja ili apate njia ya kufika mlangoni, mimi sioni amevunja neno la Bwana.

Na Yesu mwenyewe alifanyaje? Katika Yohana 18, askari alimpiga kofi mbele ya kuhani mkuu. Bwana hakurudisha kofi, lakini pia hakunyamaza. Alimtaka yule askari aonyeshe ni kosa gani lilistahili kofi lile. Kwa hiyo upole wa Kikristo si kufunga mdomo. Mtoto anayesema, "Mwalimu, huyu ananipiga," anamfuata Yesu.

Torati inatusaidia zaidi. Kutoka 22 inasema mwizi akipatikana akivunja nyumba usiku, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limechomoza, hatia ipo. Mwizi ni yule yule, na pigo ni lile lile. Kilichobadilika ni hatari. Usiku hujui amekuja na nini wala huna wa kukusaidia. Mchana unamwona na unaweza kuita majirani. Ndiyo maana kijana aliyejitetea bwenini Jumanne usiku, halafu Alhamisi akakusanya marafiki wakamvizia yule mkubwa nyuma ya jikoni, huyo wa Alhamisi hajitetei tena. Analipiza. Mzazi, usimtetee kwa la Alhamisi.

Sheria ya Kenya nayo inafuata njia hiyo hiyo. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Adhabu kinatambua kujitetea, na mahakama huuliza kama nguvu iliyotumika ililingana na hatari. Ukivamiwa leo kati ya Kapkatet na Litein ukajiokoa, hakimu atauliza ni nani alianza. Mbona basi mtoto wa miaka 14, mbele ya deputi, asiulizwe hata hilo?

Hapa ndipo tunaingia swali la pili. Niseme wazi kwamba siwachukii walimu, na wengi wao ni washirika wetu. Deputi ana mamia ya watoto, vita vimetokea saa nne usiku, kila upande una mashahidi wake, na asubuhi kuna masomo. Kanuni ya "wote wawili waende nyumbani" ni ya haraka na inaonekana haina upendeleo. Lakini soma habari ya Galio katika Matendo 18. Alikataa kusikiliza kesi, akawafukuza watu wote, na papo hapo mbele ya kiti chake Sosthene akapigwa. Biblia inasema Galio hakujali. Asiyetaka kuchunguza haepuki kuchagua upande. Amechagua wa mwenye nguvu. Nikodemo, katika Yohana 7, alikuwa peke yake katika baraza akiuliza kama sheria yao inaruhusu kumhukumu mtu bila kumsikiliza kwanza. Walimdhihaki. Swali lake lilikuwa sahihi hata hivyo.

Tena tuhesabu gharama, maana mimi nilisoma biashara na siwezi kuacha. Karo ya shule ya bweni ya kaunti, kwa mwongozo wa wizara, imekuwa shilingi 40,535 kwa mwaka. Ukigawa kwa wiki kama 36 za masomo, wiki mbili ni zaidi ya shilingi 2,000 ambazo zimelipwa na mtoto hakusoma. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi, na siku ambazo mama hakuchuna chai kwa sababu ameitwa shuleni. Na bonasi ya upande wetu mnaijua, si ile ya Mlima Kenya. Muhula wa tatu una wiki tisa hivi. Ukitoa mbili, zaidi ya sehemu moja kwa tano imepotea. Kutoka 21:19 inamtaka aliyeumiza amlipe mwenzake muda aliopoteza. Sisi tunamfanya aliyeumizwa apoteze zaidi.

Hasara nyingine haihesabiki. Mtoto akijua kwamba kusema au kujitetea kutamrudisha nyumbani, atanyamaza. Mwaka wa 2017 nchi nzima ilishtuka kusikia jinsi viranja wa Alliance High School walivyokuwa wakiwapiga wanafunzi wadogo, na mwalimu mkuu akaondoka kazini. Hiyo ni shule ya kujivunia. Ukimya ulikuwa umekaa humo.

Basi mzazi, nenda shuleni. Nenda kwa heshima, bila kelele getini, na usiende na umati wa ukoo. Omba barua inayoeleza kosa, maana Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya sababu kwa maandishi yeyote anayeumizwa na uamuzi wa aina hii. Uliza kama mtoto alisikilizwa. Kifungu cha 53 kinasema masilahi ya mtoto ndiyo ya kwanza, na kinamlinda dhidi ya ukatili. Kama ana majeraha, mpeleke hospitali kwanza, karatasi ya daktari uitunze. Usiposikilizwa na mwalimu mkuu, kuna bodi ya shule, halafu Bodi ya Elimu ya Kaunti, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka hata jopo la rufaa. Paulo kule Filipi, Matendo 16, alikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Aliwataka wakubwa waje wenyewe, kwa sababu walimpiga bila kumhukumu. Alikuwa amejaa Roho, na alijua haki zake.

Nyumbani nako kuna kazi. Mwambie mtoto apige kelele kwanza, akimbilie penye taa na watu, na mikono itumike tu pale njia imezibwa. Akishapata nafasi ya kutoka, atoke, asirudi kumalizia. Na akija na barua mkononi, msikilize mpaka mwisho kabla hujashika mwiko. Wako wanaohukumiwa mara mbili, shuleni na jikoni.

Jumatano katika ushirika wa nyumbani, someni Kutoka 22:2-3 na mjadili: kwa watoto wetu wa bweni, jua linachomoza saa ngapi? Walimu walioko kwenye kikundi wapewe nafasi ya kuongea kwanza.