Mbona Mkono Huvimba Siku ya Pili?

Huenda umewahi kudungwa sindano ndogo kwenye ngozi ya mkono ili upimwe kifua kikuu (TB), kisha ukaagizwa urudi baada ya saa 48 hadi 72. Wengi hawarudi. Wakiona mkono haukuvimba siku ile ile, hudhani wako salama. Hilo ni kosa.

Dawa inayodungwa huitwa tuberkulini. Ni protini za viini vya TB, wala si viini hai, kwa hivyo haiwezi kukuambukiza. Ikiwa viini hivyo vimewahi kukuingia, mwilini mwako mna chembe nyeupe za damu, aina ya T, zinazovikumbuka. Chembe hizo ni chache na zimetawanyika, hivyo huchukua muda kufika penye sindano. Mtu anayedhurika na karanga huvimba kwa dakika chache. Huu ni mzio wa kuchelewa.

Zikifika, chembe T hutoa kemikali zinazopanua mishipa ya damu na kuita chembe kubwa zinazomeza viini, yaani makrofaji. Zote hurundikana hapo na ngozi huwa nyekundu na ngumu. Daktari hupima ugumu huo, si wekundu. Kwa kawaida milimita 10 huhesabiwa kuwa dalili ya maambukizi. Kwa mwenye virusi vya Ukimwi, 5 zatosha.

Je, homa hutoka wapi? Kemikali za makrofaji zikiwa nyingi hufika ubongoni, kwenye sehemu inayoongoza joto la mwili, nayo hupandisha kiwango. Ndipo unapotetemeka kwa baridi ilhali mwili unachemka. Robert Koch, daktari Mjerumani, alipotangaza tuberkulini kuwa tiba mwaka 1890, wagonjwa wengi wa TB waliodungwa walishikwa na homa kali, na baadhi wakafa. Tiba ilishindikana, lakini kipimo kikapatikana.

Kumbuka mambo mawili. Kwanza, kuvimba si lazima kuwe ugonjwa. Hata chanjo ya BCG yaweza kukusababisha uvimbe. Pili, kutovimba si hakikisho. Ukimwi na utapiamlo hudhoofisha chembe T, na mkono ukabaki laini hata kama mapafu yanaliwa.

Kwa hivyo ukikohoa kwa wiki mbili, ukatokwa na jasho usiku au ukakonda, nenda upimwe makohozi, mkono uwe umevimba au la. TB inatibika, na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali.