Adhabu Kali au Askari Hodari?

Muhula uliopita tulifanya mdahalo katika jumba la kulia chakula. Hoja ilikuwa hii: "Mwizi apewe adhabu kali kabisa, hata kama alichoiba ni kitu kidogo." Sababu yake mnaijua wenyewe. Nguo zilikuwa zikitoweka kwenye kamba za kuanikia, na katika bweni moja masanduku mawili yalikuwa yamevunjwa. Waliounga mkono hoja walishinda kwa kura nyingi. Mvulana mmoja alisema kwamba mwizi mmoja akinyongwa mbele ya watu, wezi mia wataacha kazi yao. Alishangiliwa sana. Mimi sikutia neno, maana mwalimu akisimama katika mdahalo, mdahalo umekufa. Lakini maneno ya kijana yule yalinikumbusha nchi iliyolifuata shauri hilohilo kwa zaidi ya miaka mia, nami nimeona ni vema niwaeleze lililotokea. Nchi hiyo ni Uingereza.

Mwaka 1688 sheria za Uingereza zilikuwa na makosa kama 50 ambayo adhabu yake ni kifo. Kufikia mwanzo wa karne ya kumi na tisa yalikuwa yamezidi 200. Msidhani kwamba yote yalikuwa mauaji na uasi. Sheria ya mwaka 1699 ilisema kwamba mtu akiiba dukani kwa siri kitu cha thamani ya shilingi 5, anyongwe. Sheria ya mwaka 1713 ilisema vivyo hivyo juu ya mtu aliyeiba nyumbani mwa mwenzake mali ya shilingi 40. Mwaka 1723 ikatungwa sheria ya kumnyonga mtu aliyekutwa na silaha katika msitu wa wanyama wa mabwana, naye amejipaka masizi usoni. Na sheria hiyohiyo ilimpata hata aliyekata miti iliyopandwa katika bustani ya mtu. Mwaka 1741 wakaongezwa wezi wa kondoo. (Najua baadhi yenu mliotoka kwa wafugaji mtasema, "Hiyo ya kondoo ni haki kabisa." Ngojeni kwanza.)

Kwa nini sheria ziliongezeka hivyo? Waliokaa Bungeni walikuwa watu wenye mashamba na mali, nao waliwaogopa wezi. Lakini iko sababu nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni kwamba nchi haikuwa na polisi. Waingereza wa siku hizo waliona polisi ni jambo la Wafaransa, jambo la wapelelezi wa mfalme wanaosikiliza maneno ya watu mlangoni. Kwa hiyo kila parokia ilimchagua mkazi mmoja kuwa konstebo kwa mwaka mmoja, bila mshahara. Fikirini: mwenye duka la mikate anaambiwa aache tanuri lake aende kuwafukuza wanyang'anyi! Wengi walimlipa mtu mwingine ashike zamu yao, na aliyekubali fedha hizo kidogo mara nyingi alikuwa mzee au mtu asiyepata kazi nyingine. Usiku walikuwako walinzi wenye taa na fimbo, nao pia walichekwa kwa uzee wao.

Serikali ilijaribu kuziba pengo hilo kwa fedha. Tangu mwaka 1692 mtu aliyemkamata mnyang'anyi wa barabarani, naye akahukumiwa, alipewa pauni 40. Zilikuwa fedha nyingi mno, na matokeo yake hayakukawia kuonekana. Mtu mmoja wa London, Jonathan Wild, alijifanya mkuu wa wakamata wezi. Kumbe alikuwa na genge lake mwenyewe: wezi wake waliiba, yeye akajidai "ameipata" mali na kuwarudishia wenyewe kwa malipo, na mwizi aliyemkaidi alimpeleka mahakamani, akanyongwa, naye Wild akapokea zawadi. Mwishowe Wild mwenyewe alinyongwa mwaka 1725.

Sasa tutazame mahakamani. Katika kesi kubwa za Uingereza, anayeamua kama mshtakiwa ana hatia au hana si jaji, bali ni juri, yaani watu kumi na wawili waliochaguliwa miongoni mwa raia. Watu hawa walimwona mbele yao mtumishi wa nyumbani, pengine msichana wa miaka kumi na minane, aliyeiba vijiko vya fedha. Walijua kwamba wakisema vijiko vina thamani ya shilingi 40, msichana atakufa. Wakasema vina thamani ya shilingi 39. Kila mtu chumbani alijua kwamba ni uongo, jaji naye alijua, lakini uongo ukaandikwa katika daftari la mahakama na msichana akapona kitanzi. Juri nyingine zilimwachilia mwizi kabisa. Na wenye mali wengi hawakushtaki hata kidogo, kwa sababu hawakutaka damu ya mtu iwalemee kwa ajili ya bunda la kitambaa.

Hata waliohukumiwa kufa hawakufa wote. Kati ya mwaka 1770 na 1830 watu kama 35,000 walihukumiwa kunyongwa katika Uingereza na Wales, na walionyongwa kweli walikuwa kama 7,000. Wengine walisamehewa na mfalme kwa masharti, wakapelekwa ng'ambo ya bahari; hadi mwaka 1775 Marekani, na tangu mwaka 1787 Australia. Basi jitieni katika nafsi ya mwizi wa London. Kwanza, hakuna askari wa kunikamata. Nikikamatwa, huenda mwenye mali asinishtaki. Akinishtaki, juri itasema shilingi 39. Ikikataa kusema hivyo, huenda mfalme akanisamehe. Kitanzi kipo, lakini kiko mbali kama mvua ya nchi nyingine. Watu wa wakati ule walieleza kwamba wezi wa mifukoni walifanya kazi yao vizuri kabisa siku ya kunyonga, katikati ya umati uliokuja kutazama, wakati macho ya wote yameelekea juu.

Mtu mmoja wa Milan katika Italia, Cesare Beccaria, aliandika kitabu kidogo mwaka 1764 juu ya makosa na adhabu. Alisema kwamba linalomzuia mtu asitende kosa si ukali wa adhabu, ila ni kuwa na hakika kwamba adhabu itakuja, tena upesi. Adhabu ndogo isiyokwepeka inaogopwa kuliko adhabu kubwa yenye matumaini ya kuponyoka. Wataalamu wanaochunguza mambo haya siku hizi, wakiwa na hesabu ambazo Beccaria hakuwa nazo, kwa jumla wanakubaliana naye.

Huko Uingereza wakili aitwaye Samuel Romilly alianza kuzipunguza sheria hizo Bungeni. Mwaka 1808 alifaulu kuondoa kifo kwa wizi wa mifukoni. Mwaka 1810 alitaka kuondoa kifo kwa wizi wa shilingi 5 dukani, lakini Jaji Mkuu, Lord Ellenborough, alipinga kwa nguvu akidai kwamba jambo hilo likipita watu hawatajua kama wanasimama kwa miguu au kwa vichwa. Mswada ukaanguka. Lakini nani walikuja kumsaidia kushinda hoja, mnadhani? Wenye mali wenyewe. Mwaka 1830 wenye mabenki wa miji mingi waliliandikia Bunge wakiomba kifo kiondolewe kwa kosa la kughushi. Hawakuwa wamewahurumia waghushi. Walisema kwamba adhabu ya kifo inawafanya mashahidi na juri wakatae kutia mtu hatiani, na hivyo mabenki hayalindwi na sheria. Walitaka adhabu ndogo zaidi kusudi iweze kutumika.

Waziri wa Mambo ya Ndani katika miaka hiyo alikuwa Robert Peel. Yeye ndiye aliyeziunganisha kazi mbili: aliondoa adhabu ya kifo kwa makosa mengi, na alianzisha polisi wa London. Sheria ya polisi ilipitishwa mwaka 1829, na askari wa kwanza walitoka mitaani jioni ya tarehe 29 Septemba mwaka huohuo. Wakuu wao walikuwa wawili, Charles Rowan aliyekuwa mwanajeshi, na Richard Mayne aliyekuwa wakili.

Hapa nataka mkae kidogo, maana ndipo penye fundisho. Rowan na Mayne walichagua watu kwa namna gani? Walitaka mwanamume asiyepita miaka 35, mwenye urefu wa futi 5 na inchi 7 au zaidi, mwenye afya, anayejua kusoma na kuandika, na mwenye watu wa kuishuhudia tabia yake. Mshahara ulikuwa shilingi 21 kwa wiki, si mkubwa. Mabwana wakubwa walileta barua za kuwaombea kazi watumishi wao na wana wa rafiki zao. Wakuu hawa walishika msimamo kwamba barua ya bwana haimpi mtu cheo. Aliyetaka kuwa mkubwa alianza chini kama wenzake. Sare ilikuwa ya buluu, kwa sababu nyekundu ilikuwa rangi ya jeshi, na silaha ilikuwa rungu fupi lililofichwa chini ya koti.

Hata hivyo walikosea sana katika kuchagua. Askari aliyepewa namba 1 alifukuzwa kwa ulevi siku ya kwanza! Katika miaka iliyofuata maelfu walifukuzwa au waliacha wenyewe, na ulevi ndio uliowaondoa wengi. Naona jambo hili ni la kuwasifu wakuu wale, si la kuwacheka. Jeshi la polisi lisilofukuza mtu halina watu wema wote. Lina wakuu waliofumba macho.

Mafunzo yalikuwa haba. Hakukuwa na chuo. Askari alifundishwa gwaride, akapewa kitabu cha maagizo, kisha akatembea na mwenzake aliyemtangulia. Chuo chao cha kwanza, Peel House, kilifunguliwa mwaka 1907. Lakini kile kitabu cha maagizo cha mwaka 1829 kilikuwa na mambo mawili ya maana. Kwanza, kilisema kwamba shabaha kubwa ya polisi ni kuzuia kosa lisitendeke, hata kabla ya kumkamata aliyelitenda. Pili, kilisema kwamba sifa isiyoweza kukosekana kwa askari ni kuizuia hasira yake. (Mkisoma mahali kwamba Peel aliandika kanuni tisa za polisi, jueni kwamba orodha ile iliandikwa baadaye na mwandishi Charles Reith.)

Watu hawakuwapenda mara moja. Mwaka 1833 askari mmoja alichomwa kisu akafa katika ghasia za mkutano huko London, na juri iliyochunguza kifo chake ikasema kuwa aliyemwua alikuwa na haki ya kufanya hivyo! Uamuzi ule ulitanguliwa baadaye, lakini unaonyesha chuki iliyokuwapo. Ilipungua miaka ilivyopita, na pamoja nayo zikapungua sheria za kunyonga, hata kufikia mwaka 1861 makosa ya kifo yaliyobaki hayakuzidi matano. Sisemi wizi uliisha London. Haujaisha hata leo. Lakini ile gharika ya wezi aliyoiogopa Jaji Mkuu haikuja.

Labda mtauliza, kama polisi wa Peel walitoka na rungu tu, mbona polisi wa kwanza wa nchi zetu walikuwa na bunduki na kukaa kambini? Ni kwa sababu hawakuletwa kwa mfano wa London. Huko Ireland, nchi iliyotawaliwa kwa nguvu, Waingereza walianzisha polisi wa namna nyingine, wenye silaha na kukaa katika kambi, na maofisa wengi waliokwenda makoloni walifunzwa Dublin kwanza. Polisi wa Uganda waliundwa mwaka 1906 kwa mfano huo: kazi yao ya kwanza ilikuwa kulinda utawala. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka jambo jingine. Inasema askari wawe raia wenye tabia njema, wenye ujuzi na nidhamu, na kati ya kazi zao inataja kuzuia na kupeleleza makosa. Maneno yale ya "tabia njema" mmekwisha kuyakuta juu, katika masharti ya mwaka 1829.

Na juu ya hukumu pia tumepitia njia ileile. Sheria ya Uganda iliwahi kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa, apende asipende. Wafungwa zaidi ya 400, kesi yao ikiitwa kwa jina la Susan Kigula na wenzake, waliipinga sheria hiyo. Mahakama ya Katiba mwaka 2005, na Mahakama ya Juu mwaka 2009, ziliamua kwamba kifo cha lazima kinavunja Katiba: adhabu yenyewe inabaki katika sheria, lakini jaji lazima asikilize habari za mtu na za kosa lake kabla ya kuitoa. Kenya ilifuata mwaka 2017 katika kesi ya Muruatetu juu ya hukumu ya mauaji. Mwaka 2013 Uganda ilitoa pia mwongozo wa hukumu, ili mwizi wa kuku asifungwe mwaka mmoja katika mji huu na miaka saba katika mji ule.

Turudi bwenini. Nguo zilizidi kutoweka hata baada ya mdahalo wetu. Zilipoacha kutoweka ni pale kamba zilipohamishwa kutoka nyuma ya jiko na kuwekwa mbele ya madirisha ya darasa la pili, na viranja wawili wakapewa zamu ya jioni. Hakuna aliyefukuzwa shule.

Kazi ya kuandika: Andikeni masharti manne ambayo mngeyatumia kumchagua kiranja wa kulinda mali ya bweni, na mseme ni sharti gani mngelilegeza kama watu hawapatikani, na kwa nini. Kisha mwamue kesi hii: mvulana ameiba shati, akalirudisha usiku uleule kabla ya kujulikana. Leteni daftari kabla ya Ijumaa.