Baridi ya Supamaketi Inagharimu Nini? Maswali ya Wateja wa Diani na Msambweni

Ukitoka juani Ukunda saa saba mchana ukaingia supamaketi, baridi inakupokea mlangoni. Sogea hadi kwenye friji zisizo na milango, pale penye maziwa na mtindi, usimame kidogo. Utahisi baridi miguuni kuliko usoni. Hewa baridi ni nzito, humwagika sakafuni kama maji ya ndoo iliyotoboka, na mashine hukesha ikitengeneza nyingine.

Umeme mwingi wa duka huenda wapi?

Kwenye friji, friza na viyoyozi. Taa za LED zimepunguza mzigo wa mwanga, lakini baridi bado inakula.

Hapa Pwani tuna shida ya ziada, nayo ni unyevu. Mwezi wa Machi, kaskazi inapolegea, hewa huwa nzito kwa mvuke. Ikiingia kwenye friji iliyo wazi, mvuke huganda kwenye mabomba ya ndani, barafu hiyo huziba baridi, kisha mashine hulazimika kuiyeyusha kabla ya kuanza kupoza upya. Mwenye duka analipia kugandisha na kuyeyusha. Mlango wa kioo hukata sehemu kubwa ya hasara hiyo. Wapo wanaohofia kwamba mlango utamfukuza mteja. Mimi sioni hivyo: anayefungua friji ya nyumbani kila siku hashindwi kufungua ya dukani. Penye friji wazi, angalau pazia literemshwe usiku duka likifungwa.

Sheria nayo ipo. Chini ya kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012, jengo linalotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka linapaswa kukaguliwa matumizi yake ya nishati kila baada ya miaka 3.

Lakini umeme wa Kenya si safi tayari?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Ila jioni, kila nyumba inapowasha taa, mitambo ya mafuta huitwa kazini, ikiwemo ya Rabai na Kipevu hapa hapa Pwani. Kwa hiyo uniti iliyookolewa saa mbili usiku ina uzito kuliko ya saa sita mchana. Tena stima ikipotea, jenereta ya dizeli nyuma ya duka ndiyo inayonguruma.

Basi uchafu mkubwa uko wapi?

Kwenye gesi ya friji, na hili ndilo ningetaka kila mwenye duka alijue. Friji nyingi za biashara hutumia gesi iitwayo R404A. Kilo moja ya gesi hiyo ikivuja, huongeza joto duniani sawa na takriban tani 4 za hewa ukaa. Haionekani na hainuki. Hewa ya chumvi ya baharini hula mabomba taratibu, hasa yale ya mashine zilizo nje, na kitundu cha sindano chatosha.

Hapo ndipo fundi huitwa "kuongeza gesi", na miezi michache baadaye huitwa tena. Gesi ya friji haiishi kama petroli ya pikipiki, maana inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua, imevuja. Mwambie fundi atafute tundu na alizibe kwanza, ndipo ajaze. Anayejaza bila kuziba anauza gesi ile ile mara nyingi, na hewa yetu sote inalipa.

Gesi mbadala zipo: propani, iitwayo R290, na hata hewa ukaa yenyewe. Propani huwaka moto, kwa hiyo haitaki fundi wa kubahatisha. Chini ya makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016, nchi zinazoendelea za kundi letu zinapaswa kupunguza gesi za zamani kama R404A kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Anayenunua friji leo asinunue ile ambayo kesho gesi yake itakuwa adimu na ghali.

Je, sola inafaa Diani?

Inafaa sana. Tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Na saa ambazo jua ni kali ndizo viyoyozi vinapohangaika, hivyo duka hutumia umeme wake papo hapo bila betri kubwa. Jijini Nairobi, jengo la maduka la Garden City liliweka paneli za kilowati 858 juu ya maegesho ya magari mwaka 2015, zikazalisha umeme na kutia magari kivuli. Huku kwetu vibano viwe vya chuma kisichoshika kutu, na paneli zilazwe kwa mteremko kidogo ili mvua izioshe.

Na jengo lenyewe?

Wazee walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari juu, baraza mbele. Ukuta wa kioo unaotazama magharibi ni tanuri la saa kumi alasiri. Penye jengo tayari, rangi nyeupe juu ya mabati na ukumbi wa kivuli mbele ya mlango husaidia.

Mimi nina duka dogo Msambweni na friji moja ya soda. Nianzie wapi?

Itoe juani, uiache ipumue nyuma, usiibane ukutani. Kisha chukua noti ya shilingi 50, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, uivute. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka na baridi yako inatoka hapo usiku kucha.