Bakteria Wanaoharisha Watoto Wadogo



Mtoto akipata choo cha maji mara 3 au zaidi kwa siku, anaharisha. Wengine husema ni "meno ya plastiki" na kumpeleka akang'olewe. Hayo ni meno ya kawaida ambayo hayajaota. Kuyang'oa huleta kidonda na kutoka damu, na kuhara kunabaki palepale. Kinacholeta kuhara ni vijidudu: virusi, vimelea na bakteria. Leo tunasoma bakteria.

1. Shigela: huleta kuhara damu, homa na tumbo kukata. Wachache tu, hata 10 hadi 100, wanatosha kumwambukiza mtu.

2. E. koli: hupenda maji machafu na uji uliolala.

3. Salmonela na kampilobakta: hutoka kwenye nyama na mayai yasiyoiva, na kinyesi cha kuku wanaolala ndani.

4. Bakteria wa kipindupindu: choo hufanana na maji ya mchele. Mwaka 2015 kiliwapata wakimbizi wa Burundi waliofikia Kagunga, Kigoma.

Wote hutoka kwenye kinyesi na kuingia mdomoni kwa mikono, maji, chakula na nzi. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kitupwe chooni.

Mtoto akiharisha
- Mpe ORS. Koroga paketi nzima katika maji safi, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Chini ya miaka 2: robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, zaidi ya hapo, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe kidogokidogo kwa kijiko. Ikipita siku moja, mwaga, koroga nyingine.
- Endelea kumnyonyesha na kumlisha.
- Mpe zinki aliyoandikiwa kwa siku 10 hadi 14, hata kama ameacha kuharisha.
- Usimpe tetrasaiklini ya sokoni. Haiui virusi, na huharibu rangi ya meno ya mtoto. Mganga ndiye ataamua kama anahitaji dawa ya bakteria.

Mkimbize kituoni, hata usiku, ukiona: damu kwenye choo, macho yamebonyea, analegea, hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu. Njiani endelea kumpa ORS. Mtoto huuawa na kukaukiwa maji, na hilo huweza kutokea kwa saa chache.

Nawa kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kumlisha. Funika dumu la maji. Kinga ni bora kuliko tiba.