Mwezi Umeandama: Kuchora Picha ya Penseli ya Mkesha wa Idi

MALENGO

Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kuchagua tukio la sikukuu ya Kiislamu ulilolishuhudia na kulipanga kwenye karatasi;
(b) kuchora mwezi mwandamo kwa umbo na mahali sahihi;
(c) kutumia mwanga na giza kuonyesha wakati wa magharibi;
(d) kueleza makosa yanayoharibu picha ya aina hii.

SWALI LA MFANO

"Kwa kutumia penseli na karatasi ya A3, chora picha ya mkesha wa Idi el-Fitri katika mtaa unaoufahamu. Kichwa cha picha: Mwezi Umeandama."

Wanafunzi wengi wakiona swali hili huchora msikiti wenye kuba, mwezi mkubwa kama ndizi, na nyota katikati ya mwezi. Hiyo ni picha ya kadi ya Idi. Inaweza kuwa ya Cairo au Karachi, na hakuna mtu atakayejua imechorwa na mwanafunzi wa Kimara. Rudi kwenye swali: "mtaa unaoufahamu". Maneno hayo mawili ndiyo yanayoamua picha yako. Unatakiwa kuonyesha kwamba uliangalia kwa macho yako.

A. KIJUE UNACHOKICHORA

Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na una siku 354 au 355. Ndiyo maana kila mwaka sikukuu hurudi nyuma kwa siku 11 hivi katika kalenda ya ukutani. Jioni ya tarehe 29 Ramadhani watu huangalia mwezi. Ukionekana, kesho yake ni Idi. Usipoonekana, mfungo hukamilishwa siku 30. Hapa Tanzania, Mufti hutoa tangazo la kuandama kwa mwezi.

Kila sikukuu ina mwezi wake angani:
• Idi el-Fitri: tarehe 1 Mfunguo Mosi (Shawwal). Mwezi ni mwembamba sana.
• Idi el-Haji: tarehe 10 Mfunguo Tatu (Dhul-Hijja). Mwezi umeshavuka nusu na umenenepa.
• Maulidi: tarehe 12 Mfunguo Sita (Rabiul Awwal). Mwezi unakaribia kuwa mviringo kamili.

Kwa hiyo ukichora mbuzi wa Idi el-Haji chini ya mwezi mwembamba, umekosea tarehe.

Sasa shika mambo manne kuhusu mwezi mwandamo unaoonekana Dar es Salaam:

1. Huonekana magharibi, muda mfupi baada ya jua kuzama, na hauko juu sana. Kwa mtu wa Kimara, huo ni upande wa Mbezi na Kibaha, si upande wa Ubungo na Kariakoo.

2. Umelala kama mtumbwi, ncha zikiangalia juu, mara nyingine umeinama kidogo. Sababu ni kwamba jua limezama chini yake, na upande unaong'aa huelekea jua. Mwezi uliosimama wima kama herufi C ni wa nchi zilizo mbali na ikweta.

3. Ni mdogo. Nyoosha mkono: kidole chako kidogo kinatosha kuufunika wote.

4. Hakuna nyota kati ya ncha zake. Sehemu ile nyeusi ni mwezi wenyewe usiopata mwanga, na nyota iliyo nyuma yake haiwezi kuonekana. Mwezi na nyota vilivyo juu ya mnara wa msikiti ni pambo. Vichore kama pambo la chuma, si kama vitu vya angani.

B. VIFAA

Penseli za HB, 2B na 4B, kichongeo, kifutio laini, karatasi ya A3 na kipande cha karatasi safi cha kulalia mkono. Ukiwa na HB peke yake usikate tamaa. Ongeza giza kwa kurudia matabaka ya mistari. Usikandamize, kwa maana karatasi itang'aa, itachubuka, na kifutio hakitasaidia.

C. HATUA ZA KUCHORA

Tukio letu: watoto watatu wamesimama kwenye baraza ya nyumba iliyo juu ya kilima Kimara. Wanaangalia magharibi. Mbele yao, bondeni, ni mapaa ya mabati, miembe na nguzo za umeme.

Hatua ya 1: Jaribio. Kwenye karatasi ya kando chora visanduku vitatu vidogo, kila kimoja na mpangilio tofauti. Jaribu kuweka watoto kushoto, kulia, kisha katikati. Chagua kimoja. Mwezi na watoto wasipangwe kwenye mstari mmoja wa wima. Ukiweka watoto kushoto, mwezi uende kulia, ili jicho la mtazamaji lisafiri.

Hatua ya 2: Mistari myepesi. Laza karatasi. Kwa HB, bila kukandamiza, weka upeo wa macho chini kidogo ya katikati. Chora mapaa: yaliyo karibu yawe makubwa na yafunike sehemu ya yaliyo nyuma, ya mbali yawe madogo na yasogeleane. Mistari ya bati ichorwe kwenye mapaa ya karibu tu.

Hatua ya 3: Mwezi. Chora duara dogo, lisizidi ukucha wa kidole kidogo. Pitisha mstari wa ulalo katikati yake. Nusu ya chini ya duara ndiyo ukingo wa nje. Kisha kutoka ncha ileile hadi ncha ya pili, chora mkunjo mwingine unaokaribia ukingo huo. Futa mistari iliyobaki. Ncha zisivuke nusu ya duara.

Hatua ya 4: Anga. Weupe katika picha ya penseli hauchorwi, huachwa. Huwezi kuongeza mwanga wa mwezi; unaweza tu kutia giza kuuzunguka. Baada ya jua kuzama, anga karibu na mapaa bado ina mwanga, na kadiri unavyopanda juu giza linaongezeka. Basi anza juu kwa 4B, shuka na 2B, malizia chini kwa HB hafifu. Usipake kwa kidole; jasho la mkono huacha madoa.

Hatua ya 5: Vitu vya mbele. Mwanga unatoka nyuma ya mapaa, miembe na nguzo. Kwa hiyo vyote huonekana vyeusi kuliko anga. Tumia 4B.

Hatua ya 6: Kanzu. Hapa ndipo wengi hukwama. Mtoto amevaa kanzu nyeupe, basi mwanafunzi anaiacha nyeupe pe. Lakini mtoto huyu ametupa mgongo na mwanga uko mbele yake; upande tunaouona uko kwenye kivuli. Kanzu itiwe kijivu cha 2B. Acha ukingo mwembamba wenye mwanga begani na kwenye kofia. Ukuta ulio karibu naye uwe mweusi zaidi, na macho yatasema yenyewe kwamba nguo ni nyeupe. Karatasi tupu kabisa mwachie mwezi peke yake.

D. WATU NA HESHIMA

Wapo wanafunzi Waislamu ambao nyumbani wamefundishwa wasichore viumbe wenye roho. Kama ni wewe, swali hili bado unaweza kulijibu vizuri. Ondoa watoto, weka baraza yenye mkeka wa ukili, birika, kofia iliyoachwa juu ya kiti na ndara za watu waliotoka kwenda kuangalia mwezi. Mtazamaji ataelewa.

Kama wewe si Mwislamu, muulize jirani yako mkesha ule unakuwaje kwao. Usichore sura ya Mtume. Usiige maandishi ya Kiarabu usiyoweza kuyasoma, kwani herufi moja ikipotea maana hubadilika.

E. JIPIME (alama 20)

Mpangilio: 5. Usahihi wa mwezi na wakati: 5. Mwanga na giza: 6. Dalili za mtaa wako: 4.
Simamisha picha ukutani, rudi nyuma hatua tano, ufumbe macho nusu. Kama kitu cha kwanza unachokiona si mwezi, ongeza giza angani.

MASWALI

1. Mwanafunzi amechora watu wa Dar es Salaam wakiswali swala ya Idi huku mwezi mwandamo ukiwa mbele yao. Taja makosa mawili.
2. Kwa nini kanzu nyeupe itiwe kijivu katika picha hii?
3. Chora upya tukio hili likiwa la Maulidi. Ni kitu gani angani lazima kibadilike?

MAJIBU

1. (i) Swala ya Idi huswaliwa asubuhi jua likiwa limeshachomoza, ilhali mwezi mwandamo huonekana baada ya jua kuzama. (ii) Kutoka Dar es Salaam kibla iko kaskazini, na mwezi mwandamo uko magharibi. Anayeelekea kibla huwa nao upande wa kushoto. Kumbuka pia kwamba mwezi ni wa kuhesabia siku, hauswaliwi.
2. Kwa sababu upande tunaouona hauangaliani na mwanga. Weupe wa kitu hutegemea mwanga unaokifikia.
3. Mwezi: uwe karibu mviringo kamili. Nao jioni hiyo utakuwa upande wa mashariki, kwa hiyo watoto wako wageuke waangalie Ubungo.