Meza Moja, Sahani Nyingi: Namna ya Kuagiza Kwenye Mgahawa wa Kihindi

Ukiketi kwenye mgahawa wa Kihindi, iwe Parklands jijini Nairobi au Kisutu jijini Dar es Salaam, utaletewa menyu ndefu kuliko unavyoweza kuisoma kwa utulivu ukiwa na njaa. Ndipo wengi hukimbilia wanachokijua: kila mtu na kuku wake wa mchuzi, kila mtu na wali wake. Mnakula, mnashiba, lakini mmeonja kitu kimoja. Chakula cha Kihindi huliwa kwa kuchangia, kizito kikisindikizwa na chepesi, chenye pilipili kikipozwa na mtindi. Kwa hiyo agizeni kwa ajili ya meza nzima. Mtakula vizuri zaidi, na mara nyingi mtalipa kidogo zaidi.

Ulizeni jiko ni la wapi

India ni kubwa na kila upande una mapishi yake. Jiko la Punjab, kaskazini, linajulikana kwa tanuri, mikate ya naan na michuzi mizito ya nyanya, siagi na krimu. Jiko la Gujarat, magharibi, ni la mboga na mazao ya jamii ya kunde. Hapo agiza thali, sinia lenye vibakuli vingi, na sehemu nyingi mhudumu hupita akiongeza mpaka useme basi. Jiko la kusini ni la dosa, chapati nyembamba ya mchele na choroko nyeusi zilizosagwa na kuachwa zichachuke, inayoletwa na chatine ya nazi pamoja na mchuzi wa sambar wenye ukwaju.

Muulize mhudumu mpishi wao ni hodari wa nini, kisha agiza hicho. Dosa ya mahali wanapojivunia tanuri mara nyingi hukatisha tamaa.

Sahani tano za kuanzia

Kwa watu wanne, panga hivi: kitu kimoja kikavu, mchuzi mmoja wa nyama, mboga moja, dal moja na bakuli moja la raita, yaani mtindi wenye matango na bizari nyembamba.

Kitu kikavu kitoke tanurini: kuku wa tandoori, au tikka, vipande visivyo na mifupa vilivyolala kwenye mtindi na viungo. Vinatakiwa viwe vimebabuka kidogo pembeni na bado vina maji ndani. Mchuzi wa nyama unaweza kuwa butter chicken, mlo ambao sifa yake hupewa mgahawa wa Moti Mahal uliofunguliwa Daryaganj, Delhi, mwaka 1947: kuku wa tanurini anayemaliziwa kwenye nyanya, siagi na krimu. Mkipenda mbuzi, chukueni rogan josh, mlo wa Kashmir. Kwenye mboga, palak paneer haiangushi: spinachi iliyosagwa yenye vipande vya jibini isiyoyeyuka.

Dal isikosekane. Dal tadka mara nyingi ni mbaazi zilizokobolewa, zao lilelile ambalo wakulima wa Tanzania huuza India. Huchemshwa mpaka zilainike, kisha mwishoni kabisa humwagiwa samli ya moto yenye vitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili kavu. Ikifika mezani utaona samli inang'aa juu na vitunguu saumu vimekuwa vya kahawia. Koroga kabla ya kupakua, la sivyo wa kwanza atachota utamu wote na wa mwisho atabaki na uji wa mbaazi.

Jambo la kuepuka ni kurundika vyenye krimu. Butter chicken, korma, paneer makhani na dal makhani vyote ni vizito; chagueni kimoja tu.

Mkate, wali na biriani

Naan ni tamu ikitoka tanurini na hukakamaa ikipoa. Agizeni mbili kwanza, mwite mhudumu zikikaribia kwisha. Kata kipande kwa mkono wa kulia, zoa mchuzi nacho. Wali, sahani moja ya kugawana inatosha. Jeera rice, wenye bizari nyembamba, haushindani na mchuzi.

Biriani ni mlo kamili, usiuagize kama wali wa kulia mchuzi. Aliyezoea ya Mombasa au Zanzibar, ambako rojo hupikwa kando, ajue kwamba ya Hyderabad hupangwa tabaka kwa tabaka, nyama chini na mchele juu, chungu kikafunikwa na kuzibwa kwa unga. Pakua kwa kuzamisha kijiko hadi chini.

Pilipili isiwapate kwa kushtukiza

Taja kiwango cha pilipili unapoagiza, kwani mchuzi ukishaiva haipunguziki. Korma na makhani ni za upole. Jalfrezi na vindaloo huwa kali. Vindaloo ni ya Goa na asili yake ni nyama ya nguruwe kwenye siki na vitunguu saumu. Hapa kwetu aghalabu hupikwa kwa kuku au mbuzi, ila anayekula halali aulize kwanza.

Ulimi ukiwaka, acha maji na soda. Kinachounguza kwenye pilipili hakiyeyuki kwenye maji, bali kwenye mafuta, na protini ya maziwa husaidia kukiondoa. Kijiko cha raita kitafanya kazi ambayo glasi tatu za maji haziwezi.

Vinywaji kwa wakati wake

Lassi ya embe ni nzuri, lakini ukiinywa mwanzo imeshakushibisha. Ifanye kitindamlo. Wakati wa kula chukua chaas, mtindi mwepesi wenye chumvi na bizari nyembamba, au soda ya ndimu ya chumvi. Vyote hukata mafuta. Faluda, yenye maziwa, sharubati ya waridi, tambi na mbegu za mrehani, ni ya kunywa pekee yake mchana wa joto.

Baada ya mlo, chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki inafaa kuliko keki. Mwenye hamu ya tamu achukue gulab jamun, vidonge vya maziwa vilivyokaangwa na kuloweshwa kwenye shira. Viwili kwa mtu vinatosha.

Mkirudi siku nyingine, bakizeni sahani nne mlizozipenda na badilisheni moja tu. Ikiwachosha, meza bado ina chakula. Ikiwapendeza, mmeongeza mlo mwingine wa kuagiza bila kusita.