Gari la Chini, Tope la Juu: Vidokezo vya Masika Kitengela

Nyumba za Kitengela zimekimbia mbele ya lami. Ukiacha barabara ya Namanga uelekee Korompoi, Kisaju au nyuma ya Noonkopir, mwanzo wa njia huenda ukakudanganya, kisha unakutana na udongo mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa pana. Masika yakiingia Machi, na tena vuli ya Oktoba, mfinyanzi wake hunywa maji, huvimba na kuteleza kama sabuni.   Na wenye magari madogo ya chini, iwe Vitz RS, Swift Sport au Mazda MX-5, bado wanataka kufika nyumbani.

Inawezekana. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili, na 1973 Shekhar Mehta akarudia kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka uliofuata Joginder Singh akashinda kwa Mitsubishi Lancer ndogo. Mbio zilikuwa za Pasaka, msimu wa masika. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Magari yale yaliinuliwa na kuimarishwa, lako halijaguswa. Lakini mkono mtulivu waliokuwa nao madereva wale hauuzwi dukani, na wewe unaweza kuwa nao.

1. Anza na tairi. Nguvu ya injini haina kazi hapa. Udongo mweusi hujaa kwenye meno ya tairi, na baada ya mizunguko michache tu tairi mpya huwa laini kama iliyochakaa. Zile tairi pana na nyembamba ubavuni zinazopendeza kwenye gari la michezo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu huelea juu ya tope badala ya kulikata. Mvua zikikaribia, funga tairi nyembamba kidogo zenye meno ya kina, zote nne za aina moja. Mbili nzuri mbele na mbili zilizoisha nyuma ni njia ya kujigeuza katikati ya barabara.

2. Simama lami inapoishia. Shuka, tazama. Je, alama za magari madogo zimepita na kutoka upande wa pili, au zinaishia katikati? Mwulize mwendesha boda anayetoka huko. Yeye amepita asubuhi hii, na atakuambia ukweli kuhusu kila shimo. Uamuzi wa kuingia ufanyike hapa, maana ukishaingia hakuna pa kugeuzia.

3. Giya ya pili, mguu mwepesi. Shika mwendo mmoja na usiubadilishe. Kwa gari la otomatiki, weka 2 au L, lisijibadilishie giya lenyewe. Kila unachofanya kifanye polepole: usukani, mafuta, breki. Breki hasa. Ukiikanyaga kwa ghafla kwenye mteremko, tairi hufunga na gari huteleza moja kwa moja hata ukizungusha usukani. Punguza mwendo mapema kwa kuachia mafuta.

Gari likianza kuteleza, angalia unakotaka kwenda, si mtaro unaouogopa. Kwa gari linalovutwa na tairi za mbele, pua ikikataa kukata kona, achia mafuta na unyooshe usukani kidogo mpaka tairi zishike tena. Kwa linalosukumwa na tairi za nyuma, kama MX-5, mkia ukitoka kulia, geuza usukani kulia, taratibu, na usikanyage breki.

4. Usifuate njia za malori. Malori ya mchanga na mawe ya ujenzi huchimba mifereji miwili yenye kina. Vitz ya kawaida imeinuka sentimita 14 hivi kutoka ardhini. Ukiingia kwenye mifereji hiyo, tumbo hulala juu ya tuta la katikati na tairi huning'inia. Weka tairi za upande mmoja juu ya tuta, na za upande mwingine juu ya ukingo wa nje, palipo na nyasi na changarawe. Pakiwa na mwinamo wa kwenda mtaroni, usijaribu. Tafuta njia nyingine.

5. Maji yanayokwenda mbio hayavukwi. Hapa sina mzaha wala nafasi ya majadiliano. Maji ya sentimita 30 tu yanaweza kuliinua na kulisukuma gari dogo. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya lilijaribu kuvuka mto Enziu huko Mwingi, maji yakalizamisha, na watu zaidi ya 30 wakafa. Hilo lilikuwa basi. Mito ya Kajiado nayo ni ya msimu: asubuhi ni mchanga mtupu, na mvua ikinyesha juu milimani, jioni mto umejaa ilhali hapo ulipo hakuna tone. Mchungaji akikuambia usubiri, subiri.

Hata maji yaliyosimama yana hatari yake. Injini ikivuta maji na kuzimika, usiiwashe tena. Maji hayabanwi kama hewa, na jaribio moja la kuwasha linaweza kuvunja vyuma vya ndani. Livute hadi kwa fundi.

6. Ukikwama, acha kukanyaga mafuta. Kila mzunguko wa tairi unachimba kaburi lake. Toa udongo mbele ya tairi zinazovuta, weka mawe, kokoto au mazulia ya gari, zima mfumo wa kuzuia tairi kuzunguka bure (kitufe cha TRC) kama upo, kisha jaribu giya ya pili kwa upole. Punguza upepo wa tairi hadi psi 20 hivi ukiwa na pampu ya kurudishia. Kwenye vifaa vya gari lako mara nyingi huwa kuna ndoano ya kuvutia inayofungwa kwa skrubu kwenye bampa. Itafute leo, usiku wa mvua hutaiona. Kamba isifungwe kwenye mikono ya saspensheni. Na wanaosukuma wasisimame kwenye mstari wa kamba, kwani ikikatika inaumiza vibaya.

7. Ukirudi lamini, jaza upepo, jaribu breki mara kadhaa kwa mwendo mdogo, na usiruke hadi kilomita 80 papo hapo. Usukani ukitetemeka, mara nyingi ni tope lililoganda ndani ya rimu. Liondoe siku hiyo hiyo. Likikauka huwa gumu sana.

8. Liache gari. Wakazi wengi wenye busara huweka gamubuti nyuma ya kiti, huegesha palipo na mlinzi kando ya lami, na kumaliza safari kwa miguu. Panga mahali hapo kabla ya Machi, mlipe mlinzi mwezi mzima, na umwachie namba yako ya simu.